Faida inayotarajiwa si ahadi: tukadirie vipi kabla ya kugawa akiba ya familia?



Zamani kidogo, mtu wa Unguja au Pemba aliyekuwa na akiba yake na hataki riba, njia zake zilikuwa za kuhesabika kwa vidole: anunue kiwanja, anunue dhahabu, ampe ndugu mtaji wa biashara, au azifungie pesa kabatini. Leo, alhamdulillah, hali imebadilika. Amana Bank ilifungua milango mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kufuata sharia kikamilifu, na benki nyengine zimefungua madirisha ya Kiislamu. Mwaka 2022 benki ya KCB Tanzania ilitoa sukuk ya miaka mitatu kwa faida ya asilimia 8.75 kwa mwaka. Mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo ilitoa sukuk yake, na waliowekeza kwa shilingi walitangaziwa faida ya asilimia 10.5 kwa mwaka. Ipo pia mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayoendeshwa kwa misingi ya sharia.

Pamoja na kheri hiyo limekuja swali ambalo sasa linasikika barazani, misikitini na kwenye simu za familia: wapi panalipa zaidi? Mtu anaweka karatasi tatu mezani. Ya kwanza imeandikwa 9, ya pili 10.5, ya tatu inasema "mpaka 15". Anachagua yenye nambari kubwa, anasema bismillahi, anatia saini.

Sisi tunaona swali hilo limeulizwa mapema mno. Kabla ya kuuliza nambari ipi ni kubwa, tuulize nambari hiyo imetoka wapi, nani ameikadiria, na ikikosea nani ataumia. Akiba ya familia nyingi visiwani ina jina lake: ni Hija ya mama, ni ada ya mtoto, ni paa la nyumba. Aliyepanga kwa asilimia 12 akapata 5 hapungukiwi na nambari ya karatasini tu. Anapungukiwa na safari aliyomuahidi mzazi wake.

Kukadiria si kupiga ramli

Wapo wanaosema kwamba kukadiria faida ya miaka ijayo ni kujitia katika elimu ya ghaibu. Ni kweli hakuna nafsi inayojua itachuma nini kesho, na Muislamu hasahau kusema inshaallah. Lakini kukadiria kwa dalili ni jambo jengine, na lina asili katika sharia yetu.

Baada ya Khaybar kufunguliwa mwaka wa 7 Hijria, watu wake waliachwa walime mashamba kwa makubaliano ya kugawana mazao. Mtume (rehema na amani zimshukie) alikuwa akimtuma swahaba Abdullah bin Rawaha akadirie tende zikiwa bado mtini. Kazi hiyo wanazuoni wanaiita khars. Ibn Rawaha hakuwa akitabiri. Alikuwa akitazama mitende iliyo mbele yake, kama mzee wa Pemba anavyoutazama mkarafuu uliobeba, akasema utatoa pishi kadhaa.

Katika mapokezi ya kisa hicho mna mambo mawili yanayotuhusu leo. La kwanza, watu wa Khaybar walitaka kumpa mapambo ya wake zao awapunguzie hesabu, naye akayakataa na kuyaita haramu. Mkadiriaji hali mkononi mwa mwenye maslahi. La pili, aliwapa hiari: mkiyaona makadirio haya ni sawa, chukueni nyinyi kwa hesabu hiyo; mkiona si sawa, nitachukua mimi kwa hesabu hiyo hiyo. Alikuwa tayari kusimama upande wowote wa nambari yake. Ni wakala gani wa uwekezaji leo aliye tayari kwa hilo?

Imepokewa vile vile, katika hadithi ya Sahl bin Abi Hathma iliyomo ndani ya Sunan, kwamba wakadiriaji waliagizwa wamuachie mwenye shamba theluthi, au wasipofanya hivyo wamuachie robo. Hadithi hiyo inahusu zaka ya mazao na wanazuoni wameijadili isnadi yake na maana yake. Hatuitumii hapa kuwa hukumu ya uwekezaji. Tunajifunza adabu yake tu: baada ya kukadiria, acha nafasi kwa yatakayoliwa na ndege, yatakayoanguka, na yale ambayo jicho halikuyaona.

Na upande wa pili upo. Sharia iliyoruhusu kukadiria matunda mtini ndiyo iliyokataza kuyauza kabla ya dalili za kupevuka kwake kudhihiri. Makadirio yanaruhusiwa kwa kupanga. Yakigeuzwa kuwa kitu cha uhakika kinachouzwa, tumeingia katika gharari. Mpaka huo ndio msingi wa makala hii: faida inayotarajiwa ni makadirio ya kupangia, haiwi ahadi.

Kosa la kutazama nyuma

Njia nyepesi ya kukadiria, na ndiyo inayotumika zaidi, ni kuangalia miaka iliyopita. Kiwanja cha jirani kilinunuliwa milioni tano, leo kinauzwa milioni kumi na tano, basi na changu kitakuwa hivyo hivyo. Dhahabu imepanda, basi itaendelea kupanda.

Tuichukue dhahabu, kwa kuwa ndiyo tunayoijua. Oktoba 2025 wakia moja ilipita dola 4,000 katika soko la dunia, na wengi walikimbilia kununua. Lakini Januari 1980 pia dhahabu ilipanda kwa kasi mpaka ikafika kiasi cha dola 850. Aliyenunua siku hizo alisubiri mpaka Januari 2008 kuiona bei hiyo tena, yaani miaka 28, na wakati huo dola yenyewe ilikuwa imeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1999, bei ilishuka chini ya dola 300.

Hisa nazo zina kisa chao. Mwishoni mwa Desemba 1989 faharasa ya Nikkei ya soko la hisa la Tokyo ilifika 38,915. Japani ilikuwa ikisifiwa dunia nzima, na miaka ya nyuma yake ilionyesha faida kubwa. Nambari hiyo haikupitwa tena mpaka Februari 2024. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa na miaka 34.

Visa hivi havina maana kwamba dhahabu ni mbaya au hisa ni mbaya. Vinatufunza kwamba bei ikishapanda sana, faida iliyopita inaonekana kubwa wakati huo huo faida inayobaki mbele inaweza kuwa ndogo. Karafuu iliyokwishachumwa haichumwi mara ya pili.

Faida inatoka wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani John Bogle, muasisi wa kampuni ya Vanguard, alieleza njia nyepesi ya kukadiria faida ya hisa. Aliigawa sehemu tatu: gawio ambalo kampuni inatoa kwa bei ya leo, ukuaji wa mapato ya kampuni, na mabadiliko ya bei ambayo watu wako tayari kulipa kwa mapato yale yale. Sehemu mbili za mwanzo zinatokana na kazi. Ya tatu yeye mwenyewe aliiita ya kubahatisha. Muislamu anaielewa haraka tafauti hiyo.

Njia hii inafaa kwa kila mali, si hisa pekee. Kila unachoelezwa, kiulize maswali matatu: kinaingiza nini leo? Kuingiza huko kutakua kwa kiasi gani na kwa sababu gani? Na je, nategemea mtu mwengine aje anunue kwa bei ya juu zaidi?

Tuanze na nyumba ya kupangisha. Tuseme nyumba imegharimu shilingi milioni 60 na inapangishwa laki tatu kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 3.6, yaani asilimia 6. Lakini mpangaji huhama, paa huvuja, kodi hulipwa. Tukitoa robo kwa hayo, inabaki milioni 2.7, yaani asilimia 4.5. Tukikadiria kwamba kodi ya nyumba itapanda sambamba na bei za vitu kwa asilimia 3, jumla ni 7.5. Hiyo ndiyo nambari ya kupangia. Anayesema nyumba inalipa asilimia 15 anahesabu kwamba kiwanja kitaendelea kupanda kama kilivyopanda, na hilo ni lile swali la tatu.

Kiwanja kitupu hakiingizi kitu. Faida yake yote inategemea bei. Huenda ikapanda sana barabara ikipita, huenda mgogoro wa mpaka ukaifunga pesa miaka kumi. Dhahabu iko katika fungu hilo hilo: haizai. Ni hifadhi nzuri ya thamani kwa muda mrefu sana, na kuikadiria kwamba italingana na kupanda kwa bei za vitu ni uadilifu. Zaidi ya hapo ni bahati.

Kwa hisa za kampuni zilizopita mchujo wa sharia, tuseme gawio ni asilimia 5 ya bei ya hisa na mapato yanakua kwa 5. Jumla ni 10. Tutoe 1 kwa ada za wakala na kwa kutakasa ile sehemu ndogo ya mapato isiyo halali, ambayo viwango vya AAOIFI vinataka isizidi asilimia 5 ya mapato ya kampuni. Inabaki 9. Sehemu ya tatu, ya kubahatisha, tuiandikie sifuri. Ikija, ni kheri ya ziada.

Sukuk na akaunti za mudharaba

Kwa sukuk makadirio ni mepesi zaidi. Ukinunua kwa bei iliyoandikwa na ukakaa nayo mpaka muda wake kumalizika, kiwango kilichotangazwa ndiyo makadirio bora uliyonayo. Lakini tuseme wazi kwamba kiwango hicho kina masharti matatu: mtoaji alipe kwa wakati, wewe usilazimike kuuza kabla ya muda, na gawio unalopokea kila kipindi upate pa kuliwekeza kwa faida kama hiyo. Mwenye kuuza katikati anategemea mnunuzi, na soko letu la sukuk bado ni changa.

Lipo pia suala la kifiqhi ambalo lina athari katika hesabu. Mwaka 2007 Mufti Muhammad Taqi Usmani, akiongoza baraza la sharia la AAOIFI, alikosoa sukuk nyingi za wakati ule kwa kuwa mtoaji aliahidi kuzinunua tena kwa thamani ileile iliyoandikwa, liwe liwalo kwa mali iliyo nyuma yake. Februari 2008 AAOIFI ikatoa muongozo. Maana yake kwa familia ni hii: soma waraka wa toleo na uulize mali iliyo nyuma ya sukuk ni ipi, na ni mkataba gani, ijara, musharaka au mudharaba. Jibu linaeleza uhalali, na pia linaeleza faida inatoka wapi.

Akaunti ya mudharaba ndiyo inayoleta mkanganyiko zaidi, kwa sababu ubaoni benki huandika "faida inayotarajiwa". Neno hilo limewekwa kwa makusudi. Katika mudharaba, mwenye mtaji ni wewe na mtendaji ni benki. Mtendaji haruhusiwi kudhamini mtaji wala faida, isipokuwa amefanya uzembe au amevunja masharti. Kanuni maarufu ya fiqhi inaeleza kwamba faida inamfuata anayebeba dhamana. Ukitaka usibebe hasara yoyote na bado ulipwe, umeomba riba kwa jina jengine.

Mbona basi kiwango hakibadiliki miaka na miaka? Sababu moja ni kwamba taasisi nyingi za Kiislamu huweka akiba ya kusawazisha faida: mwaka mzuri huweka kando kidogo, mwaka mbaya huchota humo. Utaratibu huo una ruhusa kwa masharti yake. Hatari yake ni kwamba mweka akiba huanza kuamini kuwa nambari ile haishuki. Hapo tuna funzo kubwa kutoka kwa ndugu zetu wa Malaysia.

Funzo la Tabung Haji

Kila panapozungumzwa akiba ya Hija, Tabung Haji ya Malaysia hutajwa kuwa mfano, na kwa haki. Ilianza miaka ya 1960 kutokana na wazo la mchumi Ungku Aziz, aliyeona wanavijiji wakiuza mashamba na mifugo yao ili wahiji na kurudi mafukara. Mamilioni ya Wamalaysia wameweka akiba humo, na wengi wamehiji.

Watu walizoea gawio zuri kila mwaka. Kwa mwaka 2017 wenye akaunti walipewa asilimia 4.5, na ambao hawajahiji wakaongezewa mpaka 6.25. Lakini chini ya nambari hizo hali haikuwa shwari. Tangu Januari 2016 ilivuja barua ya Benki Kuu ya Malaysia iliyotahadharisha kuhusu akiba ya taasisi hiyo. Baada ya serikali kubadilika mwaka 2018, ukaguzi ulionyesha kwamba hadi Desemba 2017 madeni ya Tabung Haji yalizidi mali zake kwa kiasi cha ringgit bilioni 4.1. Sheria yake inakataza kutoa gawio mali zikiwa pungufu ya madeni. Serikali ikalazimika kuingia kati: mali za takriban ringgit bilioni 19.9 zikahamishiwa kampuni maalumu iliyo chini ya Wizara ya Fedha.

Gawio la mwaka 2018 likawa asilimia 1.25. Kuanzia 2020 hadi 2023 likawa 3.10.

Hakuna aliyenyang'anywa akiba yake, na taasisi inaendelea na kazi mpaka leo, alhamdulillah. Lakini fikiria familia ya Kelantan iliyopanga Hija kwa kuhesabu asilimia 6 kila mwaka. Kwao makadirio yalikuwa yameshageuka ahadi, na wakubwa waliokuwa wakilipa waliona uzito kuwaambia kwamba mwaka huu matunda ni machache. Hapa kwetu tunapopanga mifuko yetu, tusiulize tu "tutatoa gawio gani". Tuulize pia kama tuna ujasiri wa kutangaza gawio dogo mwaka unapokuwa mbaya. Mfuko unaoweza kusema ukweli huo ndio wa kuaminiwa.

Vinavyokula faida kimya kimya

Nambari ikishapatikana, tuipitishe katika chujio nne.

Ya kwanza ni bei za vitu. Tanzania katika miaka ya karibuni mfumuko wa bei umekuwa wa wastani, kiasi cha asilimia 3 kwa mwaka. Faida ya 9 kwa hakika ni 6 katika uwezo wa kununua.

Ya pili ni sarafu. Matumizi ya Hija ni ya riyali na dola, na riyali ya Saudia imefungwa kwa dola kwa 3.75 tangu 1986. Mwishoni mwa 2021 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilipita 2,600. Safari ya mfano ya dola 6,000 ilitoka shilingi milioni 13.8 ikawa milioni 15.6, bila wakala kuongeza hata senti. Ni ongezeko la asilimia 13 kwa miaka miwili na nusu, karibu 5 kwa mwaka. Aliyepata asilimia 5 kwa shilingi muda huo hakusogea hata hatua moja kuelekea Makka. Shilingi iliimarika tena mwishoni mwa 2024, na hilo ndilo jambo la kuzingatia: sarafu huenda huku na huku, na tarehe ya Hija haingoji.

Ya tatu ni wastani unaodanganya. Milioni moja ikishuka kwa asilimia 50 inabaki laki tano. Mwaka unaofuata ikipanda kwa asilimia 50, inakuwa laki saba na nusu. Wastani wa miaka miwili ni sifuri, lakini robo ya pesa imekwenda. Kwa hiyo mali inayopanda na kushuka kwa nguvu, makadirio yake yapunguzwe zaidi kuliko mali iliyotulia.

Ya nne ni zaka. Zaka si hasara, ni haki ya wenye haki na ni usafi wa mali. Lakini katika hesabu ni pesa inayotoka, na mipango mingi huisahau. Asilimia 2.5 ni ya mwaka wa Hijria, wenye siku kama 354. Anayehesabu kwa mwaka wa miladi atoe kiasi cha 2.577. Namna ya kutoa zaka ya hisa na sukuk inatafautiana kulingana na nia ya mwenye mali na aina ya mali iliyo nyuma yake. Kila mmoja amuulize mwanachuoni wake.

Kugawa kapu

Mwaka 1952 Harry Markowitz aliandika makala iliyofungua elimu ya kugawa mali katika makapu, na baadaye akapewa tuzo ya Nobel. Hesabu zake zinataka makadirio ya faida ya kila mali. Waliozitumia waligundua kasoro: ukikosea makadirio kidogo, hesabu inarundika pesa zote mahali ulipokosea. Markowitz mwenyewe aliwahi kukiri kwamba akiba yake ya uzeeni aliigawa nusu kwa nusu tu. Bwana wa hesabu hakuyaamini makadirio kupita kiasi.

Kwa hiyo kwanza tugawe kwa tarehe ya mahitaji, ndipo tugawe kwa faida. Pesa ya Hija ya mwaka kesho au keshokutwa isitafute faida. Itafute usalama, na ikiwezekana kwa sarafu itakayotumika. Pesa ya ada ya miaka mitano hadi saba inaweza kuingia katika sukuk inayokwisha muda wake kabla ya ada kudaiwa. Pesa ya zaidi ya miaka kumi ndiyo inayoweza kustahamili hisa na nyumba.

Tuchukue mfano wa familia yenye milioni 40 za muda mrefu, na tuseme zimepita nisabu. Imeweka milioni 16 katika sukuk, 12 katika hisa za halali, 8 katika mudharaba na 4 katika dhahabu. Kwa makadirio yetu ya mfano tuandike sukuk 10, hisa 9, mudharaba 5 na dhahabu 4. Kwa mwaka ni milioni 1.6, milioni 1.08, laki nne, na laki moja na sitini elfu. Jumla ni milioni 3.24, yaani asilimia 8.1.

Sasa tuache robo, kwa adabu ya khars. Inabaki takriban milioni 2.4, yaani asilimia 6. Bei za vitu zinakula milioni 1.2. Zaka ni milioni moja. Kinachobaki kuwa nyongeza ya kweli ni laki mbili.

Msomaji atashtuka: laki mbili tu kwa milioni 40? Ndiyo. Na hiyo si habari mbaya. Mali imelinda thamani yake, masikini wamepata haki yao ya milioni nzima, na familia haikulala na riba. Iliyobaki itakuzwa na jambo ambalo halihitaji kukadiriwa: kiasi ambacho familia inaongeza kila mwezi. Anayeweka laki mbili kwa mwezi anaongeza milioni 2.4 kwa mwaka, sawa na faida yote tuliyoikadiria kwa milioni 40. Kwa familia nyingi visiwani, kuongeza akiba ndiko kunakoleta tafauti kubwa kuliko kuhangaika kutoka 9 kwenda 10.5.

Anayekuahidi

Tumalizie na wanaokuja na nambari zisizohitaji makadirio. Wazee wanaikumbuka DECI, iliyochukua pesa za Watanzania wengi kabla ya serikali kuisimamisha mwaka 2009. Waliiita kupanda mbegu na kuvuna. Mavuno yalikuwa pesa za waliopanda nyuma. Leo majina yamebadilika, mengine yana sura ya Kiislamu na hutumia maneno mudharaba na baraka, lakini dalili ni ile ile: gawio la uhakika kila mwezi, haijulikani biashara ni ipi, na unalipwa kwa kuleta watu.

Mbele ya yeyote anayetaka akiba yako, tunapendekeza maswali matano. Faida hii inatokana na kazi gani? Mwaka mbaya italeta nini, na mwaka mbaya zaidi uliopita ulileta nini? Wewe unalipwa na nani, na kiasi gani, nikisaini? Mna leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana au ya Benki Kuu, na bodi yenu ya sharia ni akina nani? La mwisho ni la Ibn Rawaha: je, wewe mwenyewe umeweka pesa zako humu kwa makadirio haya haya?

Anayekasirishwa na maswali hayo amekujibu.

Haya tuliyoyaandika ni ya kufungua macho kwa jumla. Nambari za mfano ni za kufundishia hesabu, na kila familia iketi na mwanachuoni inayemuamini na mshauri mwenye leseni kabla ya kutia saini. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atutosheleze nayo, na awawezeshe wazee wetu kufika Nyumba yake tukufu wakiwa na afya na bila ya deni. Amin.

Wallahu a'lam.